Flashi Hairudi Tupu

Zulfa wangu, mama yangu mdogo,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda Nguvumali kuwaaga shangazi zako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana shangazi zako hawajui kuaga, wanajua kulisha. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimesogeza pembeni koni za hina, nimefuta meza, na Bwana Hemedi nimemtuma sokoni akanunue iliki ili asisimame nyuma ya bega langu. Ametoka anaimba. Mwanangu, mwanamume wa miaka hamsini na mbili anatoka mlangoni anaimba kwa sababu kaagizwa iliki! Najua ungekuwepo ungekunja uso useme, "Mama, umeanza." Nimeanza, ndiyo. Miezi miwili tu imepita tangu nivae shela kwa mara ya pili, na kila asubuhi nikisikia anavyokohoa uani akiwasha jiko ili mimi nikute chai tayari, nahisi nimepewa zawadi ya mtu mwingine kwa makosa, na naogopa mwenyewe atakuja kuidai.

Sikuandikii habari za kufua, kula na kuwahi kipindi huko chuoni uendako kesho. Hayo umeyajua kuliko mimi tangu ukiwa bweni Korogwe. Nakuandikia habari ya laptopu iliyo kabatini.

Unakumbuka wiki iliyopita Bwana Hemedi alipokuletea? Aliitengeneza kwa mikono yake jioni tatu mfululizo, akaifuta mpaka ikang'aa kama sinia la harusi, akaiweka mbele yako. Wewe ukamshukuru kwa adabu zako zote, kisha ukasema, "Baba Fundi, mpe mama. Mimi na kompyuta hatupatani. Nitaiua kama nilivyoiua ile." Yeye akacheka akidhani unatania. Mimi nikaingia jikoni nikafuta macho, na uliponifuata nikasema ni vitunguu. Zulfa, siku ile tulipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Wewe hukuiua ile kompyuta. Niliiua mimi. Na nimelijua hilo kwa miaka mitatu.

Sasa kaa, usisome umesimama. Nataka nikueleze lilivyokuwa, tangu mwanzo.

Unajua kompyuta ile ilikuwa na nini. Kadi za harusi nilizokuwa nabuni zilikuwemo, lakini hizo hazikuwa kitu. Zilikuwemo picha zote za baba yako, Mungu amrehemu. Unamkumbuka kwenye masufuria yake ya pilau, maana hakuna harusi ya Ngamiani iliyoliwa bila mwiko wake. Mimi nilikuwa ndani namchora bibi harusi, yeye uani anapika, na kamera yetu ndogo inazunguka mikononi mwa watu. Alipofariki, picha zile ndizo zilizobaki na uso wake. Wewe ulikuwa ukirudi likizo, kabla hujavua sare, unaifungua kompyuta unamtazama. Nilikuwa nakuona kupitia pazia. Sikukwambia.

Na unaijua desturi yetu. Jirani akikuletea bakuli la futari, bakuli halirudi tupu. Utaweka hata kipande cha mkate wa kumimina, hata ndizi mbili, lakini tupu halirudi. Basi sisi wanawake wa mtaa huu tulipoanza kuazimana flashi, tukaziazima kama mabakuli. Bi Saumu akinipa flashi yenye video ya vugo, ngoma ya harusi ya mwanawe, siwezi kumrudishia imefutwa, ni aibu! Namwekea picha za harusi nyingine, namwekea kadi nzuri, namwekea nyimbo. Naye anampelekea shoga yake, na shoga yake anaongeza chake. Flashi moja ilikuwa inazunguka barabara ya kumi mpaka ya kumi na tano, inarudi imeshiba. Hatukujua kwamba kila jikoni inamopita inabeba na cha humo. Desturi nzuri kabisa, na ndiyo iliyotuponza.

Ilikuwa Jumanne. Bi Saumu alinijia na flashi mkononi, macho yanang'aa.

"Mwanaidi shoga yangu, leo nimekuletea kitu! Programu ya kutengeneza kadi, ina maua ya kila aina, ina hata njiwa. Wenzio mjini wananunua, wewe unaipata bure."

"Bure kabisa?"

"Bure! Ila wamesema ukiiweka, ile kinga ya virusi itapiga kelele. Izime kwanza, inakuwa na wivu."

Ina wivu! Tulicheka, mwanangu, tukagongana mikono. Nikachomeka. Kweli, kinga ikatoa kibao chekundu, kwamba hiki kitu ni hatari, usifungue. Nikakifunga. Kikarudi. Nikakifunga tena. Kwa kweli kinga ile nilikuwa nimeshaichoka, kila siku inataka kujisasisha, inakula bando langu, nami nikasema moyoni, hivi mimi mchora hina wa Ngamiani, mwenye kompyuta moja ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ni mwizi gani wa dunia hii atakayehangaika na mimi? Nikaizima. Njiwa wakaja, wazuri kweli. Nikatengeneza kadi mbili, nikaifunika kompyuta kitambaa chake, nikaenda kuchora.

Wewe ulirudi Alhamisi usiku na flashi yako ya mitihani iliyopita, ukaichomeka uchapishe maswali yako, na kwa uchovu wa safari ukaenda kulala bila kufungua picha. Ijumaa ilikuwa khitima ya baba yako. Nilitaka tuchague picha moja tuitoe kubwa, tuiweke sebuleni. Ukafungua wewe. Haikufunguka. Ukafungua ya pili. Kila picha ilikuwa imegeuzwa jina, herufi zisizosomeka, na karatasi moja ya maneno ya kigeni ikitutaka tuwaandikie watu tusiowajua ndipo waturudishie vyetu.

Sasa ndipo ninapoona haya kuandika, lakini nitaandika. Nilikugeukia nikakuuliza, mbele ya wageni, "Zulfa, umeingiza nini humu?"

Uliangalia flashi yako ya mitihani kama mtu anayeangalia kisu. Jioni ile ulisema neno moja ambalo sijalisahau: "Nimemfanya baba afe tena." Na mimi nilikushika kichwa nikasema basi, mama, usilie, imeshatokea. Imeshatokea! Kana kwamba nakusamehe.

Wallahi siku ile sikujua. Nilidhani kweli ni flashi yako. Nilijua siku kumi baadaye, wewe umesharudi shule, nilipoichukua kompyuta nikaipeleka kwa fundi wa barabara ya kumi na mbili, Mbondei mmoja mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye nilikuwa sijawahi kusema naye zaidi ya salamu.

Ndiye yeye. Ngoja nipumzike kidogo nitabasamu.

Aliifungua, akasoma. Kisha akasema kwa upole, "Bi Mwanaidi, kinga ilizimwa Jumanne, saa kumi alasiri. Mafaili yakaanza kufungwa dakika ishirini baadaye. Jumanne nyumbani alikuwepo nani?"

Nikasema, "Mimi."

"Na mtoto?"

"Alikuwa Korogwe."

Angeweza kunisimanga, maana mafundi unawajua, ukiharibu wanakuhubiria mpaka unajuta kuzaliwa. Yeye alinisogezea kiti tu. Nikamuuliza lile lililokuwa linanikereketa: kwani mimi ni nani hata waniandame? Akasema, "Hawakujui, dada yangu. Virusi ni kama mbu wa hapa kwetu. Mbu hachagui bosi wa Raskazone akamwacha muuza vitumbua. Asiye na chandarua ndiye anayeumwa." Kisha akanambia jambo ambalo lilinikata maini: ile kinga niliyoikuta imo ndani ya kompyuta, ya bure, ilitosha kabisa. Mtu wa nyumbani kama mimi hakuhitaji kununua kitu. Alihitaji kuiacha ifanye kazi yake na kuipa hilo bando kidogo inaloomba. Ilinionya mara mbili. Niliifunga mdomo mara mbili.

Nilitoka pale na nia ya kukupigia simu bweni. Nikasema, sasa hivi ana mtihani, nitamchanganya. Ukamaliza mtihani, nikasema, acha apumzike. Ukafaulu, nikasema, nisimharibie furaha. Zulfa, ukitaka kulichelewesha jambo la kweli, kila siku itakupa sababu nzuri. Nawe ukaacha kugusa kompyuta. Wenzako wanajifunza kuchapa, wewe unaandika kwenye simu kwa kidole gumba, unasema macho yanakuuma. Mimi nilijua si macho.

Fundi alikuwa akiniuliza. Kila nikipita dukani kwake: "Umemwambia?" Nasema bado. Anatikisa kichwa, anarudi kwenye nyaya zake. Ilifika mahali nikawa nazunguka barabara ya kumi na tatu nisipite kwake, na huko nikagundua kwamba namkosa. Usicheke! Mtu anaweza kumpenda anayemkimbia. Nilianza kuvunja vitu makusudi nipate cha kupeleka. Ile panya ya kompyuta iliyokatika mkia unayoijua, niliikata kwa mkasi.

Na hapa nitakueleza kwa nini hasa nimeolewa na huyu mwanamume, maana mtaa mzima unasema ni kwa sababu ya miguu yake mirefu.

Mwaka mmoja baada ya maafa yale, nilimwambia nimekata tamaa, picha zimekwenda. Akaniuliza, "Bi Mwanaidi, zile flashi za watu ulikuwa unazirudishaje?" Nikasema kwa fahari kidogo, "Mimi sijawahi kurudisha flashi tupu." Akavua miwani. "Uliweka nini?" "Picha za harusi." "Harusi zilizopikwa na nani?"

Nilikaa chini palepale kizingitini, mama. Kwenye matope.

Yule mwanamume alizunguka Ngamiani nyumba kwa nyumba. Anabisha hodi, "Shikamoo mama, mna flashi ya zamani?" Wanawake wanamtania: "Fundi, siku hizi unakusanya vyuma chakavu?" Wengine walizikuta kwenye mikebe ya vifungo, wengine watoto wamezifanya hirizi za wanasesere. Bi Saumu alimpa nne, huku analia, maana nilikuwa nimemweleza habari ya njiwa wake. Kila flashi aliisafisha kwanza kwenye kompyuta yake ya kale isiyounganishwa na chochote, kwa sababu nyingi zilikuwa zimejaa uchafu uleule. Moja ilikuwa na picha mbili, nyingine haina kitu, nyingine ina kumi. Alichukua karibu miaka miwili. Hakunidai chochote, wala hakunitamkia neno la mapenzi. Siku moja alikuja tu akasema, "Leo nimemwona mzee amevaa kanzu ya kijani, anacheka." Nikajua kwamba mtu anayemtafuta marehemu mume wangu kwa bidii ile hatanitaka nimsahau. Nikampenda mpaka nikaona aibu kwenye kioo.

Posa yake unaikumbuka mwenyewe, lakini wacha niiandike, maana mkosi wangu wa pili uko mle. Kwenye ukurasa wangu wa hina neno langu la siri lilikuwa jina lako na mwaka wako wa kuzaliwa. Hilohilo kwenye barua pepe, hilohilo kila mahali. Nilidhani ni la siri kwa sababu nilikuwa silisemi. Kumbe kila mwaka siku yako ya kuzaliwa nilikuwa naliandika mwenyewe ukurasani, "Zulfa wangu leo katimiza kadhaa," na mapambo juu! Basi mtu akaingia, akabadilisha picha zangu zote, na wiki ile ile ya posa ukurasa wa bi harusi mtarajiwa ukawa unatangaza dawa ya nguvu za kiume. Dada zake Hemedi wakaja kutoka Muheza na mikoba yao. Yule mkubwa akakaa, akanywa maji, akasema bila kutabasamu, "Bi Mwanaidi, ndugu yetu tumemleta mzima. Hajahitaji dawa yako bado." Wewe ulikimbilia uani ukacheka mpaka ukapaliwa, nami nikatamani sakafu inimeze, na Hemedi akasema, "Dada, niachie hilo, nimekuja kumbadilishia neno la siri."

Na alinibadilishia. Lakini alinifundisha nijitungie mwenyewe, akageuka ukutani nisiandike huku anaona. Hata mume asilione hilo! Akasema chagua maneno manne au matano yasiyojuana, yanayokuletea picha kichwani mwako peke yako, yawe marefu. Kwenye barua pepe liwe lake peke yake, maana huo ndio ufunguo wa funguo zote, mwenye barua pepe yako atajipatia mengine. Mengine yaandike kwenye kidaftari ukifiche, si dhambi. Nimefikiri sana juu ya hilo, Zulfa. Sisi mlango wa mbele tunauacha wazi mchana kutwa, anaingia anayetaka, na sitaki ubadilike huko uendako ukawa mtu wa kufunga milango. Lakini hujaona mwanamke wa Ngamiani asiyefunga kabati lake, ufunguo kiunoni. Hatuoni kwamba tunawadharau wageni. Mlango ni wa watu, kabati ni lako.

Usiku wa harusi yetu sikuelezi mengi, hayo si yako, lakini neno moja nitakupa. Aliniambia, "Mke wangu, picha zake ziko tayari. Lakini sitamkabidhi mtoto mimi. Nikimpa mimi, atanishukuru mimi, na ataendelea kudhani yeye ndiye aliyezipoteza. Mpe wewe, na umpe na ukweli wake." Nikasema kesho. Kesho imekuwa miezi miwili, na sasa kesho ni basi la saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa hiyo ukweli wake ndio huu. Ulikuwa mtoto mwenye mitihani yake mkononi na hukukosa kitu. Mimi nilizima kinga kwa ajili ya njiwa, kisha nikakuacha ubebe mzigo wangu kwa sababu niliona haya mbele ya mwanangu mwenyewe. Sikukosa kwa kutojua kompyuta, hilo kila mtu hajui mpaka ajue. Nilikosa kwa zile siku baada ya kujua. Nisamehe ukiweza, na usipoweza kwa sasa, panda basi na hasira zako, zitanifaa kuliko ule ukimya wako mbele ya kompyuta.

Kesho asubuhi nitakupa bakuli, lile la bluu la baba yako, limejaa visheti. Usimgawie jirani wa kiti mpaka ufike chini. Chini kabisa, ndani ya kifuko, kuna flashi. Bwana Hemedi ameisafisha mara tatu na nakala nyingine mbili ziko hapa nyumbani, moja kwangu, moja kwa Bi Saumu, maana tumejifunza. Kuna picha hamsini na nane, na video moja fupi kutoka harusi ya Chumbageni ambayo sikujua kama ipo. Baba yako anafunua sufuria, moshi unampanda usoni, anafoka, "Nani kaigusa pilau yangu?" Watu wanacheka. Halafu anageuka, anaita. Sikwambii anamwita nani.

Flashi imefungwa kwa neno la siri. Siliandiki hapa, mwalimu wangu atanifukuza. Nitakunong'oneza stendi, sikioni, kama tunavyomnong'oneza bibi harusi. Ni maneno matano, na ukiyasikia utajua yametoka jikoni mwa nani.

Lakini flashi haina macho, mwanangu, haijifungui yenyewe. Laptopu nimeitoa kabatini, iko juu ya begi lako, kinga yake ikiwa macho. Ichukue. Ichomeke mwenyewe, kwa mkono wako uleule.

Nasikia mtu anaimba barabarani, iliki imefika. Nafunga.

Na likizo ukirudi, bakuli langu la bluu unalijua. Halirudi tupu.

Mamako anayekupenda kupita maneno,
Mwanaidi